Pilau la Kombo Makengeza

"Huyo unayemsoma amekufa," Mastura alisema. "Sasa niandikie mzigo wangu."

Karani aliinua uso. Siku hiyo stesheni ya Mwanza ilikuwa imefurika. Gari moshi la kutoka Tabora lilikuwa limeingia, limechelewa kama ilivyo ada yake, wachukuzi wanapigana vikumbo na magunia, kuku wanapiga kelele ndani ya matenga, na foleni ya mizigo imepinda mpaka nje juani. Na mwenye kidirisha, kijana wa shati jeupe lililonyooshwa pasi, nywele kazitia mafuta na kuzichora njia upande wa kushoto, alikuwa amekiinamia kijitabu chenye jalada jekundu kana kwamba watu wote wale wamekuja kumtazama anavyosoma.

"Nani amekufa?" aliuliza.

"Kombo Makengeza. Alichukuliwa na maji pale darajani, mwaka wa hamsini na tano. Baba yangu alimpikia pilau."

Kijana akakifunga kijitabu, kidole kikabaki ndani. "Dada, nani kakudanganya? Kombo aliogelea akatokea upande wa pili. Ninaye hapa sasa hivi, yuko Malampaka anakunywa uji."

"Huyo si Kombo. Huyo ni mtu mwingine kavaa koti lake."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mzee mmoja akapaza sauti kwamba msichana kasema kweli tupu. Mama mmoja mwenye tenga akamjibu kweli gani, na maiti mbona haikuonekana? Kufumba na kufumbua watu wameacha kupanga foleni, wanaoneshana vidole. Karani akatazama vurugu ile, kisha akamtazama aliyeianzisha: gauni la maua ya manjano, mkanda mpana kiunoni, kanga begani, na macho makali yasiyotaka mchezo.

"Umeona ulichofanya?" alisema, naye anacheka. "Jina?"

"Mastura binti Jumbe."

"Jumbe yupi? Yule fundi cherehani wa Mirongo? Wa pilau?"

"Huyo huyo."

"Mungu wangu," alisema karani, ambaye jina lake lilikuwa Ally. Aliandika mzigo ule kwa muda mrefu kuliko mzigo wowote aliopata kuuandika.

Jamani, ni nani Mwanza miaka ile asiyemjua Kombo? Alikuwa gadi wa gari moshi, mwenye makengeza: jicho moja linakutazama wewe, jingine linamtazama mwizi aliye nyuma yako. Hadithi yake ilitoka kila Jumamosi katika gazeti la *Tarumbeta*, na aliyeiandika alijiita Msafiri, basi, hakuna aliyejua zaidi ya hapo. Kombo alikamata wezi wa pamba, alikamata matapeli, akawa na mchumba wake Nuru anayemngoja nyumbani kila safari. Halafu ikaja masika ile. Daraja likakatika, Kombo akajitosa majini kumwokoa mtoto wa watu, maji yakaenda naye. Chini Msafiri akaandika MWISHO. Baada ya muda si mrefu gazeti lenyewe nalo likafa.

Ingeishia hapo, watu wangepona. Lakini baada ya miaka miwili vikaanza kuingia vijitabu kutoka Nairobi, vya mwandishi mwingine kabisa, na ndani yake Kombo yuko hai, mzima, kavaa koti lile lile. Hapo ndipo mji ulipogawanyika. Watu wa Gazeti walisema Kombo ni wa Msafiri, Msafiri kamzika, na yanayofuata ni uzushi wa watu wanaotafuta kula. Watu wa Vijitabu walisema Kombo ni wa wanaompenda, na tangu lini mtu akaitwa marehemu bila maiti? Katika mkahawa wa Mzee Bilali pale Mirongo walibishana mpaka chai ikapoa vikombeni. Watu walitoka kwenye mikutano ya Uhuru sauti zimewakauka, wakaja pale kuzimalizia kwa Kombo. Walikuwepo ndugu wa tumbo moja waliokuwa hawasalimiani.

Na katika Watu wa Gazeti, hakuna aliyekuwa mgumu kama Mzee Jumbe. Yeye alipika kabisa! Kombo alipokufa, mzee alinunua mchele na nyama, akaita majirani, akawalisha pilau la marehemu. Mwanza ilicheka mwaka mzima. Mastura hakuwepo, wakati ule alikuwa Tabora kwa shangazi yake Mwaija, mtoto wa miaka kumi na minne, amepelekwa huko kwa sababu mama yake alikuwa mgonjwa. Masika hiyo hiyo mama alifariki. Aliporudi nyumbani alikuta baba mjane na kichekesho cha pilau, na vyote viwili alivizoea kwa kuwa hakuwa na la kufanya.

Sasa alikuwa msichana wa miaka ishirini, anapima vitambaa katika duka la Mzee Kanji, na baba yake anashona kwenye baraza ya duka hilo hilo. Duka lilikuwa na simu. Siku ya tatu baada ya stesheni, simu ikalia.

"Haloo, hapa stesheni," sauti ilisema. "Mzigo wenu umefika."

"Mzigo gani? Wetu tulichukua."

"Kuna mwingine. Umeandikwa jina lako."

"Una uzito gani?"

"Mzito, dada. Unanielemea kifuani, usiku silali."

Mastura akageukia ukutani ili Mzee Kanji asimwone anavyotabasamu. "Basi urudisheni ulikotoka."

"Haurudi. Nimejaribu."

Tangu siku hiyo duka la Mzee Kanji likawa na mizigo mingi kuliko bandari. Simu ikilia, Mzee Jumbe anauliza kutoka barazani, bila kuinua macho kwenye pindo, "Mzigo tena? Mbona hiyo mizigo inapigiwa simu tu, haionekani?" Naye Mastura anajibu, "Umekwama Shinyanga, baba." Jumapili wakawa wanakutana kando ya ziwa, kule kwenye mawe, Ally kavaa suruali ya kaki na viatu vya raba vyeupe, mkononi karanga za kwenye karatasi. Walizungumza kila kitu. Ally alikuwa yatima, kalelewa na bibi yake Ujiji, na yeye akianza kuongea hana breki. Mastura alimpenda kwa ulimi wake ule ule uliokuja kumtia msibani.

"Nikwambie siri?" alisema Mastura Jumapili moja. "Vijitabu vyako nimevisoma vyote. Navificha katikati ya majora ya kitambaa."

"Ala! Kwa hiyo wewe ni mtu wetu!"

"Mimi si mtu wa mtu. Mchana namwitikia baba kwamba Kombo amekufa, jioni namfuata Kigoma. Nimechoka. Ally, laazizi, sikiliza. Ukija kwetu, jina la Kombo lisitoke kinywani mwako. Niapie."

"Naapa."

"Hata akikuuliza."

"Hata akinipiga," alisema Ally, na wakati ule alikuwa anasema kweli.

Mshenga alikuwa Mzee Bilali mwenyewe, kwa kuwa aliwauzia chai wa pande zote mbili na hakuna aliyemjua msimamo wake. Kwa desturi kijana anayeposa hubaki kwake, watu wazima ndio wanaokwenda kusema. Lakini Ally hakuwa na ndugu Mwanza, hata wa kubeba sinia. Basi Mzee Bilali akamwambia, "Utakuja, lakini kazi yako ni kubeba halua. Ukishaitua, wewe ni kama ule mkeka. Umepata kusikia mkeka unasema?" Ally akaitikia, akaazima kanzu, akaja.

Mastura na shangazi Mwaija, aliyekuwa amehamia kwao kutoka Tabora, walikuwa nyuma ya pazia, vikombe vya kahawa tayari. Mambo yalikwenda vizuri, yaani vizuri mno. Mzee Bilali alisema maneno yake yakapangika, Mzee Jumbe akaitikia kwa upole. Akauliza, "Na kijana anafanya kazi wapi?"

"Relini, bwana."

Uso wa Mzee Jumbe ukalainika. "Relini. Kazi ya watu wa maana hiyo. Hata marehemu Kombo alikuwa mtu wa reli. Mungu amweke pema."

"Amin," wakaitikia wazee.

Ally hakuitikia. Katika upenyo wa pazia Mastura aliona koo lake likipanda na kushuka, akaomba moyoni: meza, mpenzi wangu, meza.

"Lakini, mzee," alisema Ally, "Kombo hakufa."

Shangazi Mwaija akaangusha kikombe.

"Umesemaje?"

"Samahani, mzee. Nimesema tu... maana kwenye kijitabu cha nne yuko Kigoma."

Mzee Bilali akafunika uso kwa mikono miwili. Mzee Jumbe hakugomba. Aliinuka, akaliokota sinia la halua ambalo halijafunuliwa, akaliweka mikononi mwa Ally taratibu. "Bilali, mchukue mtu wako," alisema. "Hapa hapana mke." Aliingia chumbani kwake, na hakuonekana mpaka kesho yake.

Asubuhi simu ikalia.

"Haloo, stesheni. Mzigo..."

"Hakuna mzigo," alisema Mastura. Mzee Kanji yuko pale anasikia, lakini hakujali tena. "Neno moja, Ally! Neno moja lilikushinda kumeza?"

"Nilikuwa nimenyamaza vizuri kabisa. Lilitoka lenyewe, kama chafya."

"Mtu akitaka kupiga chafya anaziba kwa leso!"

"Lakini nawe unajua yu hai, Mastura! Umesoma mwenyewe!"

"Ninachojua mimi hakuna aliyeniuliza. Si baba, si wewe. Ninyi mnagombea mtu wa kwenye karatasi, na mimi niliye na damu mmeniacha nyuma ya pazia. Usipige tena."

Akakata simu. Kisha akaenda nyuma ya majora ya kitambaa cha marekani akalia, maana alitaka apige tena hata kabla hajamaliza kulia.

Ally alipiga, hakujibiwa. Akafanya jambo ambalo waliomwona walisema ni wazimu. Jumamosi, mkahawa umejaa, alipanda juu ya benchi akasema: "Ndugu zangu, mimi Ally Ramadhani nimekosea. Kombo Makengeza alikufa darajani. Vijitabu vyote ni uzushi." Watu wa Vijitabu walimzomea hadi akashuka, mmoja alimwaga chai kwenye raba zake nyeupe. Watu wa Gazeti wakashangilia, wakakimbia barazani kumpa Mzee Jumbe habari njema.

Mzee Jumbe alisikiliza, sindano mdomoni. "Juzi yu hai, leo amekufa," alisema. "Mtu wa namna hiyo nimpe mtoto? Kesho nikiwa mgonjwa atawaambia nimeshazikwa."

Basi ikawa hivyo. Akisema yu hai, kakosa. Akisema amekufa, kakosa zaidi. Shangazi Mwaija alijaribu kuzungumza na kaka yake, akaambiwa atie chumvi mchuzini. Mzee Bilali alikwenda mara mbili na kurudi mikono mitupu. Na katikati ya hayo, wakubwa wa reli walimpandisha cheo Ally, wakati huo ambapo vijana wa nchi walikuwa wanapewa viti vilivyokuwa vya wageni. Alipewa kusimamia mizigo ya melini, Bukoba. Aende kabla ya Desemba, kabla bendera haijapanda. Kila aliyesikia alimpongeza, naye alipokea mikono ya watu huku amepauka kama aliyefiwa.

Alikuja barazani alasiri kuaga. Mzee Jumbe alikuwa anashona joho la mtu, mguu unapiga kanyagio la cherehani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Nimehamishwa. Nakwenda Bukoba. Nimekuja kuomba radhi, na kuaga."

"Safari njema," alisema mzee, na cherehani haikusimama.

Mastura alitoka dukani, utepe wa kupimia shingoni. Alikuwa ameapa hatatoka. Alimwona Ally amesimama juani, kofia mkononi, raba bado zina doa la chai.

"Baba," alisema. "Anaondoka, baba! Utaniacha hivi hivi kwa ajili ya Kombo? Kombo ni hadithi! Hana mama, hana kaburi, kuna mtu alikaa mezani akamtunga! Awe hai, awe amekufa, mimi inanihusu nini? Mji mzima unakucheka kwa pilau lako, na mimi nimekuwa nikikutetea tangu nikiwa mtoto, na leo sijui hata nilikuwa natetea nini!"

Mguu wa mzee ukasimama. Alizungusha gurudumu la cherehani kwa mkono, taratibu, akaitoa sindano kwenye kitambaa.

"Mimi sijui kusoma," alisema. "Unajua hilo."

"Najua, baba."

"Unadhani nani alikuwa ananisomea Kombo?"

Sikuzote Mastura alidhani ni mkahawani.

"Mama yako. Kila Jumamosi, wewe uko madrasa, mimi nashona, yeye anasoma, amekaa hapo uliposimama. Alikuwa akifika kwa wezi anabadilisha sauti, mimi nacheka hadi naharibu pindo. Alipougua aliendelea kusoma kitandani. Ile ya daraja ndiyo ya mwisho aliyosoma. Alilia, Mastura. Yeye mwenyewe yuko katika hali ile, anamlilia Kombo. Akaniambia, 'Jumbe, huyu maskini hana ndugu wa kumlilia, Nuru peke yake hatoshi. Mpikie watu japo sahani moja.' Nikapika. Pilau lile ambalo Mwanza nzima inanicheka nililipika kwa sababu Sada aliniomba. Alionja kijiko kimoja, akasema limekosa chumvi. Wiki haikwisha, nikamzika."

Barabarani lori lilipita, likaacha vumbi. Hakuna aliyejipangusa.

"Baada ya hapo watu wanakuja kuniambia Kombo amerudi. Yuko Kigoma, sijui yuko wapi. Kila mtu anataka nifurahi." Alimgeukia Ally, na sauti yake haikuwa na ugomvi hata kidogo. "Wewe kijana unajua kusema. Basi nijibu. Mama Mastura alikwenda akimlilia, akijua amekufa. Nani atakwenda kumwambia kwamba amerudi?"

Ally alifungua kinywa. Mastura alimtazama, na kwa mara ya kwanza tangu amjue alimwona mtu yule hana neno. Machozi yakamtoka, akayaacha yatiririke mpaka kwenye kola.

Mzee Jumbe alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akarudisha sindano kwenye kitambaa, mguu ukaanza tena kupiga kanyagio.

"Bukoba mvua haikatiki," alisema, macho yake kwenye joho. "Huyu mtoto kifua chake si kizuri tangu alipozaliwa. Utamnunulia sweta."

Mastura hakuelewa mara moja. Ally ndiye aliyeelewa, akapiga magoti pale pale vumbini, na Mzee Kanji aliyekuwa anasikiliza yote mlangoni akaanza kupiga makofi kabla hajajua kwa nini.

Waliozeshwa haraka, shangazi Mwaija analalamika kwamba hata hina haijapata muda wa kukolea. Siku ya kuondoka, mji ulikuwa unajiandaa kwa Uhuru. Vijana wanafunga makuti na bendera za karatasi nguzo kwa nguzo. Bandarini meli ilikuwa inapakia pamba na masanduku, king'ora kimeshalia mara ya kwanza. Mastura alivaa gauni la bluu aliloshonewa na baba yake, na sweta juu yake ingawa jua lilikuwa kali, kwa sababu Ally alisema bila sweta haondoki mtu.

Mzee Jumbe alisimama gatini na kanzu yake nyeupe. Alikuwa ameshabariki, ameshausia, amemaliza. Mastura alikuwa akifikiria nyumba ile itakavyokuwa jioni, baba na cherehani na shangazi mwenye kelele, na alitaka kushuka na alitaka kwenda, yote mawili kwa nguvu ile ile, wala hakuna mtu wa kumsaidia.

"Hebu, kijana," mzee akamwita Ally kando, lakini si mbali, Mastura alisikia. "Huko kwenye vijitabu vyenu. Kombo alipotoka majini, alirudi nyumbani kwake?"

Ally akashtuka. "Alirudi, mzee."

"Akamkuta Nuru?"

Ally akamgeukia mkewe kwa macho ya kuomba msaada. Mastura hakuwa na msaada wa kumpa. Yeye pia alikisoma kijitabu kile, na alijua kilivyoandikwa. Mtu yule ambaye hakupata kuuzuia ulimi wake hata siku moja, sasa alikuwa angetoa cheo chake chote apate neno jingine la kusema.

"Alimkuta, mzee."

"Hai?"

"Hai. Alikuwa mlangoni, anamngoja."

Mzee Jumbe akatikisa kichwa taratibu, kama fundi aliyepima mara ya pili akapata kipimo kile kile. Akamrekebishia binti yake kola ya sweta, iliyokuwa imekaa sawa tangu mwanzo.

"Basi ni uwongo," alisema. "Mimi wangu nimemngoja, hakurudi. Haya, pandeni, wanangu. Msije mkaachwa."